Maswali na Majibu: Nani Anastahili Tuzo ya Maelewano ya Mataifa Chuoni?

Swali: Kamati yetu imepewa jukumu la kumpendekeza mtu mmoja wa chuo atakayetunukiwa kwa kukuza maelewano ya kimataifa. Majina yote tuliyoletewa ni ya maprofesa waliosafiri sana. Je, wingi wa safari unatosha kuwa kigezo?

Hautoshi. Safari huthibitisha kwamba mtu alikwenda, lakini haituelezi ni nani mwingine aliyefunguliwa njia baada ya yeye kurudi. Jambo hilohilo husemwa kuhusu hati za makubaliano baina ya vyuo, ambazo nyingi hutiwa saini kwa shangwe kisha hukaa kabatini bila mwanafunzi hata mmoja kunufaika nazo. Ulizeni kwanza kama kazi ya mhusika imekwenda pande zote mbili. Mpango wa Fulbright, uliotokana na sheria iliyotiwa saini na Rais Truman wa Marekani tarehe 1 Agosti 1946, ulijengwa juu ya wazo hilo la kubadilishana: fedha zilizopatikana kwa kuuza mali za vita zilizobaki katika nchi za nje zigharamie Wamarekani kwenda kusoma na kufundisha huko, na wasomi wa huko kuja Marekani. Profesa aliyealikwa kwingi lakini hajawahi kumpokea mgeni, wala kuandika pamoja na wenzake wa nje kama mtu aliye sawa nao, ana sifa zake za kitaaluma ambazo ziheshimiwe mahali pake. Tuzo hii si mahali pake.

Swali: Mimi ni mtumishi wa utawala, si mwalimu. Je, watu kama sisi, au wanafunzi, tunaweza kupendekezwa?

Mnaweza, na kanuni inayowazuia irekebishwe. Mwanafunzi mgeni anapofika, watu wa kwanza kukutana nao ni ofisa udahili, mlezi wa bweni na karani anayeshughulikia vibali vya ukaazi. Wakimdharau, mihadhara ya maelewano haitamponya. Kwa upande wa wanafunzi, mfano upo tayari: shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, DAAD, lililoanzishwa mwaka 1925, hugharamia tuzo ya euro 1,000 ambayo vyuo vya nchi hiyo humpa mwanafunzi wa kigeni aliyefanya vizuri masomoni na aliyejitolea kwa ajili ya jamii au kwa kuunganisha watu wa tamaduni mbalimbali. Ningependa kuona vyuo vikimheshimu vilevile mwanafunzi mwenyeji anayewapokea hao wageni.

Swali: Mhadhiri mmoja tunayemfikiria amesema hadharani dhidi ya vita ambavyo wengi wanaviunga mkono. Baadhi ya wajumbe wanaogopa kwamba kumtunuku kutakiletea chuo aibu. Tufanyeje?

Naomba wajumbe hao waikumbuke habari ya Emily Greene Balch. Alifundisha uchumi na sosholojia katika chuo cha Wellesley, Marekani, kwa zaidi ya miaka 20, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alivipinga waziwazi. Mkataba wake ulipofika mwisho mwaka 1918, wadhamini wa chuo walisita, na mwaka uliofuata wakaamua kutouongeza, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Alihamia Geneva akawa katibu wa jumuiya ya kimataifa ya wanawake wanaotetea amani na uhuru, na mwaka 1946 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na John Mott. Chuo kilikuwa na mtu wa namna hiyo darasani mwake, kikamwacha aondoke kwa sababu ya msimamo uleule ulioongoza kazi iliyomletea heshima duniani.

Simaanishi kwamba kila anayepinga vita anastahili tuzo. Pimeni kama mhadhiri huyo amewasaidia watu wa pande zinazohasimiana kusikilizana, kama hoja zake zinasimama juu ya ushahidi, na kama wanafunzi wasiokubaliana naye wanatendewa haki darasani kwake. Akiyatimiza hayo, hofu ya aibu isiwe sababu ya kulifuta jina lake.

Swali: Tusubiri muda gani ndipo tuyaone matokeo?

Si lazima msubiri yakamilike. Mikutano ya Pugwash, iliyowakutanisha wanasayansi wa Mashariki na Magharibi kuhusu hatari ya silaha za nyuklia, ilianza mwaka 1957. Joseph Rotblat, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha London aliyekuwa mmoja wa waanzilishi, alitunukiwa Nobel ya Amani pamoja na mikutano hiyo mwaka 1995, yaani miaka 38 baadaye. Chuo kinaweza kuona mapema zaidi kwa sababu kiko karibu na kazi yenyewe. Tafuteni dalili: uhusiano unaoendelea bila kusukumwa, na watu wa upande wa pili walio tayari kuandika barua ya ushuhuda. Barua hizo zisikose kwenye faili la mpendekezwa yeyote.

Swali: Fedha au cheti?

Fedha kidogo zikiwepo, zielekezwe kwenye kazi yenyewe, kwa mfano nauli ya mgeni atakayealikwa na mtunukiwa. Lakini jambo nisiloweza kulisisitiza vya kutosha ni maelezo yanayosomwa siku ya kukabidhi. Yataje kwa ukamilifu kile mtu huyo alichofanya, pamoja na nani na kwa faida ya nani, kisha yahifadhiwe katika kumbukumbu za chuo ili kamati ya mwaka unaofuata iyatumie.