Kuanza upya si tatizo, tatizo ni kufuta nusu

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni lazima kusoma kila toleo la pembeni (vitabu vingine vinavyobeba vipande vya tukio) ili kuelewa yale matukio makubwa yanayokutanisha mashujaa wa kampuni nzima? Pili, kuna faida gani kumfuatilia shujaa miaka na miaka halafu kampuni inaanza upya na kukwambia yote uliyosoma hayakutokea? La kwanza ni jepesi, nitalijibu mwishoni. La pili ndilo limenifanya niandike kirefu, maana wadau waliotangulia wamehitimisha kwamba kuanza upya kunaharibu kila kitu, na hapo ndipo mimi na wao tunapoachana njia.

Nimeanza kusoma katuni za mashujaa ningali shuleni, kampuni ya DC kwanza, Marvel baadaye, na nyingi nimezisoma zikiwa zimekusanywa kitabu kizima. Kwa hiyo matukio mengi niliyakuta yameshapita, nikamaliza tukio na kuingia moja kwa moja kwenye kilichofuata. Ukisoma hivyo unagundua haraka kwamba tukio lenyewe mara nyingi ni vurugu tupu: mbingu nyekundu, watu mia kwenye ukurasa mmoja, mtu anafariki, jalada linapiga kelele. Thamani yake unaikuta kwenye matoleo ya kawaida ya baada ya hapo. Kama kuna mtu aliyeachiwa mzigo, tukio lilikuwa na maana. Kama kila mmoja amerudi kwenye shughuli zake, umepotezewa muda.

Hata Secret Wars ya Marvel ya 1984, ambayo ilikwenda sambamba na midoli ya Mattel na wala hakuna aliyeficha hilo, ililijua hili. Mwandishi wake, Jim Shooter, alifanya ujanja ambao hadi leo naupenda. Mashujaa waliondoka mwezi mmoja, na mwezi uliofuata kwenye vitabu vyao wakawa tayari wamerudi, wengine wamebadilika. Spider-Man kavaa nguo nyeusi. She-Hulk kachukua nafasi ya the Thing kwenye kundi la Fantastic Four, na the Thing mwenyewe hayupo, kabaki kule kule walikopelekwa. Msomaji akakaa karibu mwaka mzima akisoma matoleo 12 ili ajue kilitokea nini. Hadithi yenyewe ni ya kawaida sana, tusidanganyane, lakini ile nguo nyeusi imezaa hadithi mpaka kesho.

Sasa tuje kwa baba yao, Crisis on Infinite Earths ya DC ya 1985 na 1986, matoleo 12, Marv Wolfman akiandika na George Pérez akichora. Kwa asiyejua mzizi wake: mwaka 1961, kwenye Flash namba 123, Barry Allen, yaani Flash, shujaa mwenye kasi, alikutana na Jay Garrick, Flash wa miaka ya 1940, ikaelezwa kwamba Jay anaishi kwenye dunia nyingine. Wazo tamu kweli. Lakini dunia zikaongezeka, kila kundi la mashujaa wa zamani likapewa yake, na DC wakaamua zimekuwa mzigo kwa msomaji mgeni. Wolfman na Pérez wakaziharibu karibu zote na kuziunganisha zilizobaki kuwa moja. Supergirl akafa toleo la 7, Barry akafa la 8.

Watu wakiizungumzia Crisis hukumbuka vifo hivyo. Mimi namkumbuka Wally West. Alikuwa Kid Flash, msaidizi wa Barry, na mwishoni mwa toleo la 12 anavaa nguo za marehemu. Mfululizo wake ukaanza 1987, na angalieni waandishi walivyomtendea: mwanzoni ana kasi ndogo kuliko Barry, anaishia karibu na kasi ya sauti, na inabidi ale chakula cha watu kumi ndipo akimbie. Unasoma ukidhani ni mapungufu tu waliyompa ili hadithi zisiwe rahisi. Kisha 1993, namba 74 hadi 79, mwandishi Mark Waid akamrudisha Barry, mzima kabisa, anabisha hodi. Kila mtu analia kwa furaha. Taratibu huyo Barry anaanza kuwa na wivu, hataki Wally asifiwe, mwisho anamgeuka. Kumbe ni Eobard Thawne, adui mkubwa wa Barry (samahani kwa kuwamalizia uhondo, ila imeshapita miaka thelathini). Ili kumzuia, Wally analazimika kukiri kitu alichokuwa akijificha nacho: kasi alikuwa nayo muda wote, alijibana mwenyewe, kwa sababu kuwa na kasi kama ya Barry maana yake ni kukubali kwamba Barry hayupo na yeye amekalia kiti chake.

Tukio la 1985 lililipwa 1993. Sasa mtu akiniambia Crisis iliua historia ya DC, namuuliza, hii ya Wally ingetoka wapi?

Ila Crisis ilikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ndio hoja yangu. Walifuta, lakini hawakufuta chote, na kila mhariri akaachiwa aamue chake. Mfano unaouma zaidi ni Legion of Super-Heroes. Hawa ni vijana wa karne ya 30 ambao tangu kuanzishwa kwao 1958 msingi wao ulikuwa mmoja: walivutiwa na Superboy, yaani Superman akiwa kijana, wakarudi nyuma kumkaribisha kundini. Mwaka 1986 John Byrne akaandika upya maisha ya Superman kwenye The Man of Steel, na ndani yake Clark (Superman mwenyewe) hakuwahi kuwa Superboy. Kazi nzuri, siikosoi. Lakini kitabu cha Legion kilikuwa kinaendelea kutoka kila mwezi! Sasa hao vijana walivutiwa na nani? Ikatungwa kwamba Superboy wao alitoka kwenye ulimwengu mdogo uliotengenezwa na adui yao, Time Trapper, halafu huyo Superboy akafa. Baadaye kiraka kikapigwa kiraka: nafasi yake akapewa shujaa mwingine, Mon-El, kwa jina la Valor. Mwishowe, 1994, ikabidi watumie tukio jingine, Zero Hour, kuifuta Legion yote na kuianza moja. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na afadhali kwa msomaji mgeni. Wangeifanya 1986, kitabu kingepona mapema.

Hawkman naye ni hivyo hivyo, sitaki hata kumuanza, tutalala hapa.

Ungedhani somo lilieleweka. Septemba 2011, baada ya tukio la Flashpoint, DC wakaja na New 52: vitabu 52, vyote namba 1, hata Action Comics iliyokuwa ikihesabu tangu 1938. Superman akaanzishwa upya, ndoa yake na Lois ikaondolewa. Lakini Batman na Green Lantern walikuwa wanauza vizuri, basi wakaachwa waendelee karibu na pale walipokuwa. Na huku wanatuambia mashujaa wamejitokeza hadharani miaka kama mitano tu iliyopita. Haya, kaa chini upige hesabu: Dick Grayson, Jason Todd, Tim Drake, Damian, vijana waliopokezana jina la Robin, msaidizi wa Batman, wote wawe wamepita mikononi mwake ndani ya muda huo, na mmoja wao afe na kufufuka katikati. Hesabu ilipogoma wakasema Tim hakuwahi kuitwa Robin, alianza moja kwa moja kama Red Robin. Kwa mtu aliyempenda Tim kama Robin, huo ulikuwa mkwaju wa bure, na bado hesabu haikukaa sawa.

Na Wally? Hakuuawa. Hakuwepo tu. Aliyebeba mzigo wa Crisis kwa miaka zaidi ya ishirini hakuwa na hata kaburi.

Ndiyo maana DC Universe: Rebirth namba 1 ya Mei 2016 iliwaliza watu wazima. Wally amekwama ndani ya ile nguvu inayowapa kina Flash kasi, nje ya wakati, na anahitaji mtu mmoja tu amkumbuke ili arudi. Anamtokea Batman, haisaidii. Anamtokea Linda Park, mwanamke aliyekuwa mke wake, naye anamuona mgeni tu. Anakubali kwamba imekwisha, anakwenda kwa Barry kumuaga na kumshukuru. Anapoanza kuyeyuka, Barry anamuita kwa jina na kumvuta kwa mkono. Geoff Johns aliyeandika ukurasa huo ndiye aliyeandika Flashpoint, na kwangu huo ukurasa ni kampuni ikiomba radhi bila kulitamka neno. (Walichomfanyia tena kwenye Heroes in Crisis miaka miwili baadaye, nakiacha. Presha.)

Mashabiki wa Marvel msicheke sana. Mnajisifu kwamba kwenu hakuna kuanza upya, na ni kweli kwa kiasi fulani: ninyi mnasahau taratibu. Tony Stark, yaani Iron Man, mwaka 1963 alijeruhiwa Vietnam. Miaka ikasogea, vita ikabidi ihame, hadi 2019 wakabuni vita ya Siancong, nchi isiyokuwepo kwenye ramani, ili wasihangaike tena na tarehe. Franklin Richards, mtoto wa viongozi wa Fantastic Four, alizaliwa 1968 na hadi leo hajawa mtu mzima. Hilo halinisumbui hata kidogo, ndiyo kanuni ya mchezo wenyewe.

Linalonisumbua ni One More Day ya 2007. Peter Parker (Spider-Man) na Mary Jane, waliooana 1987, wanampa shetani Mephisto ndoa yao ili Aunt May, shangazi aliyemlea Peter, apone risasi. Wengi hukasirikia Mephisto. Mimi nakasirikia maelezo yaliyofuata: eti hadithi zote za miaka ishirini zilitokea vile vile, ila hawakuwa wameoana, walikuwa wanaishi pamoja tu. Hapo wamefuta nusu ya kitu ambacho hakigawanyiki. Soma tena hadithi yoyote ya miaka hiyo ambamo ndoa ndiyo kiini, uniambie sasa inahusu nini.

Linganisha na Ultimate Spider-Man ya 2000. Mwandishi Bendis na mchoraji Bagley walimuanza Peter akiwa kijana upya, pembeni, bila kumgusa yule wa zamani. Aliyetaka wa zamani alibaki naye. Hilo likazaa Miles Morales, Spider-Man mwingine kijana, na dunia yao ilipofungwa kwenye Secret Wars ya 2015, mwandishi Hickman akamhamishia Miles dunia kuu kwa sababu alimpa Molecule Man, mwenye nguvu za kuunda upya dunia, hambaga kuukuu aliyokuwa nayo mfukoni. Sitanii. Na Hickman huyo huyo 2024 akaanzisha Ultimate Spider-Man mpya, Peter akiwa mume wa Mary Jane na baba wa watoto wawili. Waliokuwa wanalilia ndoa tangu 2007 wamepewa yao bila mtu yeyote kunyang'anywa chake.

Nirudi kwenye matoleo ya pembeni. Hapana, si lazima. Soma mfululizo mkuu pamoja na kitabu cha shujaa ambaye tayari unampenda, basi. Kwa Civil War ya Marvel yatosha matoleo 7 ya mwandishi Millar na mchoraji McNiven, ukiongeza Amazing Spider-Man 532 hadi 538, kwa sababu kule kwenye kitabu kikuu Peter anavua barakoa mbele ya waandishi wa habari lakini hofu yake na ya familia yake imo kwenye kitabu chake. Age of Apocalypse ya 1995 ndiyo pekee nitakayokwambia usome karibu yote, maana haina mfululizo mkuu: vitabu vya X-Men vilibadilishwa majina kwa miezi minne na hadithi imesambaa humo. Na kama unataka tukio linaloanza na kuisha bila kukudai chochote, chukua Infinity Gauntlet ya 1991, matoleo 6. Ukimpenda Thanos, adui mkuu wa humo, rudi nyuma kwenye Silver Surfer kuanzia namba 34, ndiko Jim Starlin alikomfufulia.