Afisa ustawi anakuja, nawe una wachanga kituoni

Mwenye kituo kipya akipigiwa simu kwamba afisa ustawi wa jamii atapita wiki ijayo, mtu wa kwanza kumtafuta ni fundi rangi. Ukuta unachorwa katuni, bembea inanunuliwa kwa mkopo, walezi wanashonewa sare. Si vibaya, wazazi wanapenda. Ila kama unapokea watoto wanaonyonya, ukaguzi hautakaa sana ukutani. Utakwenda kwenye maziwa, kwenye godoro, kwenye ndoo za maji, kisha kwenye daftari kuona kama linasema kile ambacho macho yameona.

Ndugu zangu mnaoanza, msisubiri wao ndio waje. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinaendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na safari yake inaanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, iwe Mtwara Mikindani, Masasi au Manispaa ya Lindi. Nenda, jitambulishe, omba kanuni uzisome mwenyewe, hasa zinazohusu wachanga: nafasi inayotakiwa, idadi ya watoto kwa mlezi mmoja, sifa za walezi. Maneno ya mwenye kituo jirani yasikutoshe. Huenda yeye anapokea wa miaka mitatu kwenda juu, na habari za nepi hakuwahi kuulizwa.

Tuanze na maziwa, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Mtoto chini ya miezi 6 anatakiwa anyonye maziwa ya mama tu, na mama yake yuko sokoni au ofisini tangu saa moja asubuhi. Kwa hiyo anakamua, anakuletea. Mwongozo unaofahamika wa kuweka maziwa hayo nje ya friji kwa muda wa saa nne ni wa chumba chenye nyuzijoto 25 kushuka. Sasa nionyesheni chumba cha namna hiyo Chikongola, hapa Mtwara, mwezi wa Novemba saa nane mchana. Kama huna friji, au unayo na umeme ni wa kubahatisha, tafuta deli zuri, jaza barafu asubuhi na uandike ni saa ngapi umeijaza. Kila chombo kiwe na plasta yenye jina la mtoto, tarehe na saa ambayo mama alikamua. Saa aliyoleta ni jambo jingine, usizichanganye. Maziwa yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, yasitelekwe jikoni. Mtoto akibakisha, masalia yamwagwe, hata kama unayaonea huruma. Na mnyweshe kwa kikombe kidogo. Kliniki wanahimiza kikombe kwa sababu kinasafishika vizuri, wakati chuchu ya chupa huficha uchafu hata ukiichemsha kwa haraka.

Afisa mzoefu hatakuuliza wewe mwenye kituo. Atamgeukia dada aliyembeba mtoto: huyu amekula saa ngapi, nepi amebadilishwa lini, ana miezi mingapi? Ndiyo maana nasema daftari likae ndani ya chumba cha watoto, lining'inizwe kwa kamba pamoja na kalamu yake, na aandike yule aliyefanya, palepale. Daftari linalojazwa jioni na mtu mmoja kwa mwandiko mmoja linajulikana tu. Saa zote zinaangukia kamili au nusu, na watoto wote wamejisaidia kwa wakati mmoja.

Usingizi. Mchanga alazwe chali, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto, bila midoli, bila kanga ya kumfunika uso. Hapa utabishana na mabibi, maana wao wamelea kwa mito na watoto wakakua. Usibishane sana, sema utaratibu wa kituo ni huu, na nyumbani ni kwao. Kila mtoto awe na shuka lake lenye alama, na chandarua chenye dawa kishuke hata mchana, kwa sababu ukanda wetu huu malaria haijatuacha. Kila robo saa mmoja wenu aingie atazame vifua vinapanda na kushuka, aandike. Kukaa mlangoni na simu mkononi si kutazama.

Kuna jambo la hirizi na nyuzi za shingoni, ambalo wageni wa mkoa huu hulikosea adabu. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake na uzi mweusi shingoni, umefungwa vizuri kabisa. Mlezi wangu kijana akataka kuukata palepale. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Shikamoo bibi, huyu akilala uzi huu unaweza kumkaba. Tunaweza kuuhamishia kwenye nguo, au ukae nao wewe mpaka jioni?" Bibi akaufungua mwenyewe, akaufunga kwenye kona ya kanga yake, na kesho yake mtoto alikuja bila uzi. Likiwa kwenye fomu ya makubaliano tangu siku ya kwanza, kwamba hatulazi mtoto na kitu chochote shingoni, halitageuka kuwa ugomvi wa imani.

Maji nayo. Kwa kuwa bomba halitoki kila siku, kila kituo kina ndoo, madumu na mapipa. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu, akiingia kwa kichwa hawezi kujinasua. Mifuniko inayobana, chumba kinachofungwa, na beseni la kuogeshea limwagwe mara tu mtoto anapotoka. Hilo afisa atalitazama akiwa bado uani, kabla hujamkaribisha kiti.

Sisi wa kusini tuna yetu mengine ambayo hutayakuta kwenye mwongozo wa mtu wa Dar. Korosho. Kama umepanga nyumba ambayo mwenyewe anabangua uani, ongea naye mapema, kwa maandishi ikiwezekana, asibangue saa za watoto. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi ya mtu mzima, sembuse ya mtoto wa miezi minane, na moshi wake unawasha macho na kifua. Korosho iliyokaangwa, hata ikiwa zawadi ya mzazi kwa moyo mweupe, isiingie chumba cha wachanga, kwani inakaba. Na salfa ya kupuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, mfuko ukikutwa stoo karibu na unga wa uji, usitegemee maelezo yoyote yatakuokoa. Ni kawaida majumbani kwetu, ndiyo, lakini kituo si nyumbani.

Msimu wa korosho unagusa hata orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mama yuko shambani Nanyamba, baba yuko mnadani, jioni anakuja mjomba ambaye hujawahi kumwona, na mjomba kwa Wamakonde si mtu wa kumzuia getini ovyo. Mpe kiti, mpigie mama, mtoto abaki ndani mpaka jibu lipatikane, kisha mwandike. Fomu ya kila mtoto iwe na majina na namba za watu hao, pamoja na nakala ya kadi ya kliniki. Usiitie kadi kwenye faili tu bila kuisoma: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua-rubela miezi 9 na 18. Aliyepitwa, mwambie mzazi na uandike kwamba umemwambia.

Kuhusu homa nitasema kwa ufupi. Usitoe dawa bila maandishi ya mzazi. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea asiamke vizuri au akipata degedege, hakuna kungoja mama arudi. Anapelekwa kituo cha afya na mzazi anafuata huko. Namba ya bodaboda au bajaji mnayoiamini iwe ukutani, pembeni ya 114 ya zimamoto na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Walezi waulizwe hilo kila mara hadi walijibu bila kukutazama wewe usoni.

Siku yenyewe usiwapunguze watoto. Wengine huwaambia wazazi wabaki nao nyumbani ili pawe kimya, na afisa anaingia anakuta vitanda vinane na watoto wawili. Pia usiazime vitu vya kuchezea. Kopo lenye mbegu ndani, mfuniko ukiwa umefungwa imara, linatosha, mradi mlezi anakaa chini na mtoto, anamwita jina, anamjibu anapobwabwaja. Programu ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa mwaka 2021 imeweka malezi ya namna hiyo sawa na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji, na maafisa wengi siku hizi wanaliangalia. Kwa maoni yangu, fedha ya katuni za ukutani ingelipa mshahara wa mlezi wa ziada kwa miezi kadhaa.

Akimaliza, mwombe aandike mapungufu na tarehe ya kuyarekebisha, msaini wote, na nakala moja ibaki kwenye faili lako. Ukirekebisha, andika tarehe na ambatanisha risiti. Maafisa huhamishwa, na yule mpya akija bila karatasi hiyo mtaanza naye tangu getini.