Ukihamishiwa kamandi ya pamoja: kwa maofisa wapya wa Walinzi wa Pwani wa Marekani

Wadogo zangu, ukifika huko huenda ukawa Mlinzi wa Pwani peke yako kati ya wanajeshi wa nchi kavu, majini na anga. Anza na vyeo. Kapteni wa kwetu ni sawa na kanali wa nchi kavu. Kapteni wao ni sawa na luteni wetu. Nikiwa luteni kamanda, cheo kimoja juu ya luteni, siku ya kwanza nilimpisha kapteni wa nchi kavu kiti cha mbele. Alibaki amesimama, haya zimemshika kuliko mimi.

Lakini kilichokupeleka huko ni sheria. Sisi ni jeshi, ila tangu 2003 tuko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na tuna mamlaka ya kukamata wahalifu baharini. Manowari ya Jeshi la Majini inaweza kuifukuza boti ya magendo, ila kupekua na kukamata si kazi ya wanamaji wake. Ndiyo maana kikosi chetu kidogo husafiri nao. Ikifika saa ya upekuzi, udhibiti wa manowari huhamia kwetu na bendera yetu hupandishwa mlingotini.

Kule Key West, Florida, kwenye kikosi kazi cha pamoja kinachofuatilia magendo ya dawa za kulevya, utaulizwa hadi uchoke: ndege imeiona boti, mbona hamjaikamata? Usimsomee mtu vifungu. Mwambie: ina bendera ya nchi gani, iko kwenye maji ya nani, na nchi hiyo imeturuhusu kupanda? Ukizoea kujibu hivyo kwa dakika moja, wataanza kukuita kabla ya kupanga, si baada ya kukwama.

Sasa tathmini, hapa ndipo wengi huumia. Alama zetu ni 1 hadi 7, na 4 maana yake umefikia kiwango tu. Bosi wangu mmoja, wa jeshi jingine, alinimwagia sifa kwa maneno kisha akajaza 4 karibu kila mahali, akidhani amenipendelea. Bodi ya kupandisha vyeo haikumjua wala haikuniona, ilisoma karatasi. Kosa lilikuwa langu: mweleze bosi mizani hiyo wiki ya kwanza, na umpelekee orodha ya kazi zako miezi miwili kabla ya ripoti.

Na kabla hujashuka melini, mbane anayepanga uhamisho akwambie utarudi chombo gani. Mimi sikuuliza, nikaongezewa miaka mitatu mezani.