Je, Machozi Ni Hoja?

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja: kubishana huku moyo umejaa. Nimechagua sita. Ya kwanza nitakaa nayo zaidi kuliko nyingine.

Shikamoo Bibi. Tulikaa kikao cha familia kuhusu shamba la michungwa alilotuachia baba kule Muheza. Kaka mkubwa anataka liuzwe. Nilipoanza kueleza nilivyomuuguza baba na kulipalilia shamba hilo, nikalia. Kaka akasema, "Futa machozi kwanza, hapa tunataka hoja." Wote wakanyamaza. Nilikosea? (Dada wa Ngamiani)

Marahaba mwanangu. Kulia si kosa. Machozi yako hayakuthibitisha kwamba shamba lisiuzwe, lakini hayakufuta uliyokuwa ukiyasema pia. Ulitaja mambo mawili yanayoweza kupimwa: nani alimuuguza mzee, na nani alishika jembe. Majirani wa shamba wanayajua yote mawili. Kaka yako hakuyagusa. Aliyashika machozi akayaacha maneno, kwa hiyo aliyeikimbia hoja ni yeye.

Tena tusidanganyike na sauti ya upole. Mara nyingi anayezungumza bila kutetemeka ni yule asiyepoteza kitu. Hamu ya fedha nayo ni hisia, ila hiyo hailowanishi mashavu, basi tunaiita akili.

Nawe lakini usikimbilie mbali. Uchungu wako unaonyesha kwamba shamba lina thamani kwako; hauonyeshi kwamba ndugu zako hawana mafungu yao. Omba kikao kingine, na safari hii awepo shangazi au mjomba ambaye kaka yako humwonea haya. Nenda na pendekezo: fungu lako likatwe, au uwalipe wenzako kidogo kidogo kila msimu wa machungwa. Ukilia tena, lia, unywe maji, uendelee pale ulipoachia.

Mwalimu wetu wa midahalo anasema kugusa hisia za wasikilizaji ni hila ya mwenye hoja dhaifu. Ni kweli? (Mwanafunzi wa kidato cha tano)

Nusu yake. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwalaumu walimu wa ufasaha wa zama zake kwa sababu kama ya mwalimu wako. Alisema kumtia hakimu hasira au huruma ni kama kuipinda rula kabla ya kuitumia. Lakini huyohuyo alitaja njia tatu za kushawishi: tabia ya msemaji, hali ya moyo wa msikilizaji, na hoja yenyewe. Kisha akakaa chini kuichambua hasira, hofu, huruma na husuda, moja baada ya nyingine.

Alichokiona ni kwamba hisia hubeba dai ndani yake. Mwenye hasira anaamini kuwa amedharauliwa bila haki. Je, amedharauliwa kweli? Hilo linachunguzika. Ukiwa kwenye mdahalo wa uvuvi wa baruti ukatueleza habari za mvuvi aliyekatika mkono, nasi tukashtuka, umetuonyesha hatari iliyopo. Ukiuleta mkono huohuo kwenye mada ya sare za shule, hapo rula imepinda.

Je, mtu asiye na hisia kabisa asingeamua vizuri kuliko sisi? (Mfanyakazi wa bandarini)

Nilidhani hivyo ujanani. Antonio Damasio, daktari wa ubongo aliyezaliwa Ureno na kufanya kazi Marekani, aliandika habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot. Elliot alifanyiwa upasuaji wa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Akili yake ilipopimwa ilikuwa nzima, na alizungumza vizuri. Lakini alisimulia misiba yake mwenyewe kama habari za mtu wa mbali, na kazini alizama katika mambo madogo hata siku ikaisha. Alipoteza kazi, akapoteza fedha kwenye biashara, na ndoa ikavunjika.

Mgonjwa mwingine mwenye jeraha la aina hiyo aliulizwa achague kati ya siku mbili za kurudi hospitali. Alipima sababu za huku na huku kwa karibu nusu saa, kila sababu ikiwa na mantiki, na hakuna hata moja iliyomvuta.

Mteja akinipandishia sauti, nikinyamaza naonekana nimeshindwa. (Muuza nguo, Soko la Mgandini)

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Mwache amalize, kisha utaje bei ileile kwa sauti ileile.

Kwenye mkutano pale Tangamano mwanasiasa alitutoa machozi sote. Nitajuaje kama nimechezewa? (Mzee wa Makorora)

Shikamoo mzee wangu. Kati ya "hili linauma" na "kwa hiyo tufanye hivi" pana nafasi. Mchezo hufanyika hapo, machozi yakiwa bado machoni.

Wewe huenda unaukumbuka mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilileta kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Uchungu ulikuwa wa haki, na wengi walitaka kususia. Nyerere hakuwaambia wapoe kwa sababu jambo lilikuwa dogo. Alibishana nao kuhusu hatua: tukisusia, nani atakaa kwenye viti hivyo? Wakakubali kuingia, na wagombea waliowaunga mkono wakashinda. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka kuanzisha chama chake. Naye hakuwa mjinga, aliipima hatua kwa namna nyingine.

Kwa hiyo jiulize kuhusu huyo wa Tangamano: baada ya kuwatoa machozi, alitaja hatua gani? Na aliyeuliza swali alijibiwa, au alizomewa?

Mume wangu hununa siku mbili tukibishana, halafu anasema hana hasira. (Mama wa Chumbageni)

Anazo. Mwache anune amalize, kisha mrudishie swali lile mlilobishania. La kununa achana nalo.