Ukitimuliwa kwenye bendi, usikimbilie wapiga ala

Mimi nilitimuliwa mchana wa Jumanne, kwa ujumbe wa simu wenye mistari miwili. Bendi sitaitaja, maana wale jamaa bado tunasalimiana. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshawapigia watu watatu, mafundi wa ala watupu, tuunde kundi la kuwakomesha. Tukafanya mazoezi miezi minne. Tulichopata ni nyimbo zilezile za bendi iliyonitimua, sema zinapigwa na sura nyingine.

Aliyenizindua ni kaka mmoja wa mtaani anayekusanya santuri. Alinikalisha kwenye mkeka, akaniwekea albamu ya This Is Big Audio Dynamite, akaenda zake kuswali. Aliporudi nilikuwa nimeirudisha mwanzo.

Mick Jones alikuwa mpiga gitaa wa The Clash, bendi ya panki ya London (panki muziki, si ule unyoaji uliotuponza kwa walimu wa nidhamu). Mwaka 1983 wenzake walimtoa kwenye bendi aliyoshiriki kuianzisha mwaka 1976. Mwaka 1985 akarudi na bendi mpya, Big Audio Dynamite, na ndiyo hiyo albamu niliyowekewa, ya nyimbo nane: besi ya rege, gitaa la roki, mashine ya ngoma iliyonusa hip hop ya New York, na juu yake sauti zilizonyofolewa kwenye filamu.

Kilichonigusa mimi ni jinsi alivyochagua watu. Don Letts, mmoja wa aliowaingiza kwenye bendi mpya, hakuwa mwanamuziki. Alikuwa DJ wa klabu ya Roxy, akiwapigia vijana wa panki rege kwa sababu santuri za panki zenyewe zilikuwa bado za kuhesabu, kisha akageukia kupiga filamu. Kinanda hakukijua. Wakambandikia stika za rangi kwenye vibonye ajue pa kubonyeza, na kazi ikaenda! Sikiliza Medicine Show: maneno ya makauboi wa filamu za Kiitaliano yanaingia katikati ya wimbo kama jirani asiyebisha hodi, na wimbo haukatiki. E=MC² umejengwa juu ya filamu za mwongozaji mmoja, Nicolas Roeg, na mwaka 1986 ulifika nafasi ya 11 Uingereza.

Basi ushauri wangu ndio huo. Kabla hujatafuta mpiga gitaa wa pili, tafuta mtu mwenye masikio asiyejua ala yoyote. Fundi mwenzako atakurudisha ulikotoka, kwa kuwa vidole vyake vimefundishwa njia zilezile. Mimi nilimchukua kijana aliyekuwa akiendesha kibanda cha video. Stika tulinunua dukani, zile za kubandika kwenye madaftari: nyekundu kwa sauti ya konda akiita abiria, kijani kwa mvua juu ya bati, njano kwa jogoo. Onyesho la kwanza lilikuwa harusini, akabonyeza jogoo bibi harusi alipokuwa anaingia. Mama mzaa chema hakucheka. Vijana waliokaa nyuma ndio waliosimama kucheza.

Sauti zenu rekodini wenyewe. Kunyofoa kwenye kazi ya mtu bila ruhusa siku hizi ni kujitafutia kesi, kwa hiyo pitieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwanza. Na mgawo wa pesa uandikwe kabla ya wimbo wa kwanza kutoka, yule wa stika naye akiwemo. Sisi tulichelewa hapo, na ilitugharimu maneno mengi.

Mashabiki wa zamani watakununia, wala usishangae. Mwaka 1981 The Clash walipiga maonyesho 17 pale ukumbi wa Bond's, New York, wakamweka Grandmaster Flash, DJ wa hip hop, awatangulie. Hadhira yao wenyewe ikamzomea. Jones hakutishika na zomeazomea hiyo. Hip hop ya mji ule aliibeba, na miaka minne baadaye ndiyo iliyomsimamishia albamu.

Si albamu isiyo na doa. Ngoma za mashine zimechakaa mahali, na wimbo wa Sony huwa naruka. Ila The Bottom Line nausikiliza hata nikiosha vyombo. Usiusikilize kwenye spika ya simu tu: besi ya Leo Williams itapotea yote, ubaki na kelele za juu.

Jambo moja nililiona baadaye, kwenye video ya Medicine Show. Joe Strummer na Paul Simonon, walewale wa The Clash, wamo humo wamevaa kipolisi. Mwaka 1986 Strummer akakaa studio na Jones kutengeneza albamu ya pili.

Mwezi uliopita kiongozi wa bendi yangu ya zamani alinipigia. Hakuulizia gitaa langu. Alitaka kumwazima yule kijana wa stika kwa onyesho moja. Nikamwambia sawa, ila jogoo abaki kwetu.