Usiache ibada, acha kamera

Ndugu, umeuliza kama mgombea apunguze kwenda ibadani ili wapiga kura wa dini nyingine wasimwone mtu wa upande mmoja. Usipunguze. Anayeificha imani yake kwa ajili ya kura, watu hujiuliza anaficha nini kingine.

Kinacholeta maneno ni mbwembwe: kuingia na msafara ibada ikiwa katikati, kupewa kiti cha mbele, kushika kipaza sauti baada ya mahubiri, kisha mchango wako kutangazwa huku kamera zikimulika. Wewe wahi, kaa katikati ya watu, mpiga picha abaki nje. Sadaka toa kimya kimya.

John F. Kennedy, Mkatoliki aliyegombea urais wa Marekani, naye aliulizwa kuhusu dini yake mwaka 1960. Aliwafuata wachungaji wa Kiprotestanti huko Houston akawaambia hasemi kwa niaba ya kanisa lake, wala kanisa halisemi kwa niaba yake. Tony Blair alisubiri mpaka alipoachia uwaziri mkuu wa Uingereza, 2007, ndipo akajiunga na Kanisa Katoliki. Mimi naipenda zaidi njia ya Kennedy.

Ukishinda, tazama orodha ya wasaidizi wako. Wakiwa wote wa msikiti mmoja au kanisa moja, hotuba za umoja hazitakusaidia kitu.