Usimpe kaka yako deksamethasoni, nakusihi

Weka chini hivyo vidonge. Umeuliza mambo mawili, mazoezi ya kaka yako aliyeumia uti wa mgongo wiki 5 zilizopita, na kama umwanzishie deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, "kuzima inflamesheni (uvimbe wa ndani) ili neva ziamke". Hapa najibu hilo la dawa. Maneno hayo hayo niliambiwa na muuza dawa mmoja, nami nikampa mume wangu, aliyeumia vivyo hivyo, kwa mkono wangu.

Alivimeza siku 19. Mwanzoni alichangamka, akala vizuri, nikaamini dawa imemkubali. Kumbe steroidi humchangamsha mtu huku ikilaza kinga yake. Alikuwa na mpira wa mkojo; maambukizi yakaingia na homa haikupanda, maana kinga imelazwa. Kidonda cha kulalia kikachimbika kitakoni, na yeye chini ya kiuno hahisi kitu, nani angetuambia? Tulishtuka alipopata choo cheusi kama lami. Tumbo lilikuwa linavuja damu. Akalazwa upya, mazoezi yakasimama miezi 3, na miezi hiyo ya mwanzo ndiyo yenye nafuu kubwa kwa mgonjwa wa namna hii. Haikurudi.

Yule muuza dawa sijamsamehe. Alishika nusu ya habari akaiuza kama nzima. Ni kweli, mwaka 1990 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba methilipredinisoloni, steroidi nyingine, ya kuchoma mshipani, ikianza ndani ya saa 8 tangu ajali, ilisaidia kidogo. Saa 8, siyo wiki 5! Na hata hiyo, mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa huko mwaka 2013 ulisema isitumike, kwa madhara yake.

Tena inflamesheni siyo adui tupu. Mwanzoni seli nyeupe huharibu hata neva zilizosalimika, sikatai. Lakini baadaye makrofaji, seli za kinga zinazokula uchafu, hufagia mabaki ya mailini (ala ya mafuta inayofunika neva), ambayo yakibaki huzuia nyuzi za neva kuota, na astrosaiti, seli zinazotegemeza neva, huzungushia jeraha kovu ili uharibifu usisambae. Panya walioumizwa uti wa mgongo na kuondolewa mikroglia, seli za kinga za ubongo na uti wa mgongo, walipona vibaya zaidi.

Kwa hiyo dawa yoyote ya "uvimbe", uliza kwanza: leo ni siku ya ngapi tangu ajali, na daktari gani anayemtibu ameiandika? Kama ameshameza vidonge hivyo siku kadhaa, usivikatishe ghafla, mrudishe hospitali leo. Na usiku huu mgeuze, umkague kitako na visigino kwa macho yako.